Neno "Achia"

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za moto kama pasi zetu. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na watoto hawajambo. Mimi ni mzima, tena nimenenepa.

Barua yako nimeisoma na lawama zake nimezipokea zote. Unauliza nina kisa gani na mumeo, mtu mzima aliyeendesha malori, hata nimkunjishe mataulo pamoja na mabinti, ilhali mimi ndiye msimamizi wa kiwanda cha kufulia. Unasema nisipomweka kwenye mashine mara moja, utamwita arudi nyumbani.

Simweki mpaka amalize mafunzo. Hata meneja alinijia juu, kwa kuwa mashuka ya hoteli yamerundikana mpaka mlangoni. Alitaka shemeji aanze siku ileile. Nikamwambia aanze yeye. Alinuna, lakini hakuanza.

Mashine yetu ya pasi ina rola mbili nene za moto. Mmoja analisha shuka, mwenzake anakanyaga pedeli. Anayelisha akisema "achia", mwenzake anainua mguu na rola zinasimama. Sasa mumeo amezoea utingo wake: huyo akisema "achia", ni breki ndiyo inayoachiwa na mafuta kukanyagwa, gari liende! Neno moja, mambo mawili, na hakuna aliyewahi kufikiria hilo.

Juzi alikuwa akifundishwa, mashine ikiwa baridi na rola zimelegezwa, kama ninavyoamuru siku zote. Shuka likamzonga kidole mwanamke aliyekuwa akililisha, naye akapiga kelele shemeji aachie. Shemeji akakanyaga mpaka mwisho. Vidole vikaingia, vikatoka vimevimba tu. Ingekuwa siku ya kazi, hata kuviokota tusingeweza.

Mumeo alikaa juu ya mashuka safi akalia. Kisha akaomba mafunzo yake yaanze upya. Siku hizi tunasema "simama", na neno hilo alilichagua yeye.

Aliniomba nisikwambie, lakini wewe ni dada yangu: mwanamke yule ni mimi. Mwandiko huu uliopinda hautokani na haraka. Ila vidole vyote vitano vipo, na ndivyo vinavyokuandikia kwamba mumeo harudi nyumbani mpaka ahitimu.

Wabusu watoto, na mgongo uukande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi kama unavyonijua.