Chokaa Iliyohama Mifupani

S.L.P. 41,
Mbooni, Makueni.
8 Agosti 1993

Mpendwa mdogo wangu Mbuvi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani, ambako baridi ya mwezi huu imetuzidi nguvu. U mzima? Kile kikohozi kimekuacha? Mombasa mnaendeleaje na joto lenu? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ingawa mimi nimechoka hadi kalamu naiona nzito.

Maharagwe hayakutupa kitu. Mvua ilikatika yakiwa bado kwenye maua.

Sasa, habari za mama yetu, Mwaitu. Alikuwa anatoka mtoni kama kawaida yake, mtungi mgongoni na ukanda wa mukwa kwenye paji la uso, akasikia kitu kimelia mgongoni. Hakuutua mtungi. Alipanda nao mlima hadi nyumbani, na kesho yake akashindwa kuinuka kitandani. Nikampeleka Kitui kupigwa picha, tukalala kwa shangazi Kalunde.

Daktari aliinua ile picha dirishani, nikaona mwenyewe. Mifupa ya mgongo imefifia kama leso iliyofuliwa miaka mingi, na pingili moja imebonyea. Lakini mbele yake palikuwa na mstari mweupe sana, nami nikafurahi nikidhani huo ndio mfupa mzima.

"Hapana, mama," daktari akaniambia. "Hiyo ni mshipa kubwa ya damu. Chokaa imeshika kwa ukuta yake. Tunaona hivi sana kwa wazee, mifupa inapoteza chokaa na mishipa inakuwa ngumu." Kwa nini mwili ufanye hivyo, alisema hata wao bado wanatafuta.

Akauliza mgonjwa anatumia dawa gani. Mwaitu akafungua kikapu chake cha kyondo kwa maringo, akatoa kopo la vidonge vya chokaa vya mifupa ulilomtumia. Kumbe kila akitua maji hutafuna kimoja, akienda tena hutafuna kingine, na Jumapili huwagawia akina mama wa kanisa waliopinda migongo! "Ni dawa ya kijana yangu," akamwambia daktari. "Itaniumiza aje?"

Daktari hakusema vidonge ndivyo vilivyoleta ugonjwa. Alisema aviache mpaka damu yake ipimwe, na asibebe tena mzigo wowote, kwa maana mgongo utavunjika na moyo nao unasukuma damu kwa shida.

Kwa hiyo tafadhali usitume kopo lingine. Sikulaumu, ulituma kwa upendo.

Ila amekataa kuniachia lililopo. Hulala nalo chini ya mto. Juzi nikamkuta nyuma ya nyumba anafunga mukwa kwenye mtungi, na nilipomnyang'anya akalia. Alisema vidonge vikikatika atajuaje kama bado unamkumbuka. Mbuvi, maji nitachota mimi na binti yangu Kaluki. Hilo la kukumbukwa siwezi kumfanyia, na sina nguvu ya kupigana naye kila asubuhi.

Musyoka aliyetuletea kopo anarudi huku kutoka Mombasa na lori lake Ijumaa. Safari hii usimpe kopo. Panda wewe.

Shangazi Kalunde anakusalimu, Kaluki pia, na Syokau jirani anauliza kama umenenepa. Mungu akulinde njiani, akufikishe Mwaitu akiwa bado anakaa mlangoni kuangalia barabara.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye mikono iliyochoka,
Nzilani