Hedaz Mpya na Mtoto wa Siku Kumi na Moja

Jumanne, baada ya isha

Na mimi niliyekesha wiki tatu nikilinganisha hedaz, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini! Za urefu sawa zinaongeza nguvu, zisizo sawa zinanguruma. Fundi Bakari akaniuliza, "Bosi, unataka nguvu au makelele?"

Nguvu, nikamjibu, tena kwa heshima zangu zote. Kisha nikachukua za makelele, eti chuma chake hakishiki kutu ya chumvi.

Leo nimeingia na gari kwetu Usagara, mtaa mzima umegeuka kutazama. Furaha ikaishia mlangoni, maana alikuwa amesimama mama mkwe, aliyevuka kutoka Pemba kuja kumlea bintiye mzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usizime, baba!"

Mwanangu, aliyekuwa analia tangu alasiri, alikuwa kimya. Nikazima, akaanza. Nikawasha, akalala.

Nikasema basi tumzungushe mjini. Mama akanitazama kama niliyekufuru: mtoto hatoki nje kabla ya arobaini. Kwa hiyo limesogezwa gari, uso wake kwenye dirisha la chumba cha mtoto, moshi barabarani, likaachwa linanguruma ili alale.

Leo ana siku kumi na moja. Mpaka zitimie arobaini, gari langu la mbio halina ruhusa ya kwenda hata sokoni.