Mashindano Siyo Kusindikizana

Matema, Jumamosi jioni. Mvua imekatika lakini upepo wa ziwani bado unagonga bati, na wali umenishinda kabisa. Mama ananiuliza kama naumwa. Siumwi. Nimechaguliwa.

Ndiyo jamani, ni mimi nitakayekwenda Dar es Salaam kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya kuogelea. Tulibaki wawili, mimi na Tusajigwe, rafiki yangu tangu tukiwa tunaoga ziwani bila nguo, na nafasi ilikuwa moja. Asubuhi tumeogelea mpaka kwenye dumu la njano linaloelea na kurudi, mwalimu akitufuata kwa mtumbwi.

Nimemwacha mbali. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Huku kwetu watoto mkiingia majini pamoja mnatoka pamoja. Mwenzio akichoka unamsubiri, akiita unageuka. Hakuna aliyetufundisha, tumekua hivyo. Muhula uliopita nilishindwa kwa sababu hiyohiyo, kila saa shingo nyuma, Tusa yuko wapi? Mwalimu akanijia juu: "Atu, mashindano siyo kusindikizana!"

Nikajifunza. Nikazoea maji ya alfajiri, nikazoea kifua kuwaka moto bila kusimama. Hata darasani nimekuwa mgumu: hesabu iliyokuwa ikinitoa machozi, siku hizi nang'ang'ana nayo mpaka ikubali. Niliupenda ugumu huo. Nilijiona mtu.

Leo, tumeshalizunguka dumu, nikasikia: "Atu!"

Sauti ya Tusa, na siyo ya utani.

Sikugeuka.

Kumbe msuli wa mguu ulikuwa umemkaza. Mwalimu alimfikia haraka, Tusa akashika ukingo wa mtumbwi, akaletwa nchi kavu anachechemea huku anacheka. Hakuna kilichoharibika. Lakini alipoita, mimi sikujua kama mtumbwi uko karibu naye. Wala sikutaka kujua. Nilikuwa nawaza ufukwe tu.

Jioni hii nimepita kwao. Mama yake kanipokea kwa "ndaga, ndaga" za pongezi, nikatamani ardhi inimeze. Tusa alikuwa jikoni anamenya ndizi, mguu kaunyoosha kwenye mkeka. Akanitania, eti nikifika Dar nisije nikanywa maji ya bwawa, yana dawa. Halafu akauliza, "Ulinisikia nilivyokuita?"

"Hapana. Maji yalinijaa masikioni."

"Nilijua tu," akasema. "Ungesikia ungerudi."

Akaendelea kumenya ndizi zake.

Mungu wangu! Angenitukana ningepata usingizi.

Mwalimu anasema kuogelea kunajenga tabia. Sawa, imejengwa, na leo nimeiona, na inanitisha. Sijui kama ni uvumilivu au ni roho mbaya tu iliyopata mazoezi.

Kesho, kabla hatujaingia kanisani, nitamvuta pembeni nimwambie kwamba nilisikia. Na akiuliza kwa nini basi sikurudi, nitamjibu nini?