Gugu la Beseni Langu

Mwanangu mshauri, nisaidie, na ukinicheka unicheke taratibu, mficha uchi hazai.

Mjukuu wangu ni mtaalamu wa maziwa na mito, nyumbani tunamwita Daktari wa Matope kwa ajili ya mabuti yake, na miaka kumi na miwili anapigana na gugu lililofunika ziwa letu mpaka samaki wanakosa pumzi. Mimi shule sikuiona, herufi kanifundisha yeye kwa vibandiko vya chupa zake, na magoti hayanifikishi ziwani, basi juzi nasoma kibandiko kwa kidole nikaona kilichomo chupani, jani nene, ua la zambarau, nikakaa chini, maana nalijua: mwaka aliozaliwa nilikuwa nafua nguo kwa tajiri mwenye bwawa bustanini, nikaomba ua moja, nikaliweka kwenye beseni mlangoni, likazaa likafurika, nikaona huruma kuliua, nikalimwaga mtaroni, na mtaro ule unakwenda ziwani.

Picha ipo, yeye mchanga mapajani mwangu, beseni pembeni. Nimeificha chini ya godoro.

“Bibi, picha yangu iko wapi?”

“Imeliwa na panya.”

“Panya gani huyo anakula na fremu?”

Ningekufa nayo siri hii, lakini Alhamisi anawasomea wakubwa ripoti kwamba gugu lililetwa na wavuvi wageni kwenye nyavu zao, na watafukuzwa. Nikisema, namwaibisha mbele ya wenzake. Nitamtazamaje usoni?

Bibi wa Beseni

*

Shikamoo, bibi. Ukishaitikia, kaa nikugombeze.

Ua ulilihurumia, na hakuna aliyekuonya. Kwa hilo pole sana. Lakini godoro! Unalalia picha huku watu wanafungashwa virago kwa ajili yako? Aibu ni yako, ivae mwenyewe, usiwavike watoto wa wenzio. Na mjukuu utamwaibisha kweli ukimwacha asimame mbele ya wakubwa asome lisilo kweli, nawe unajua.

Leo hii, usingoje Alhamisi, irudishe picha msumarini pake. Mketishe chini yake. Machozi weka kando, mwambie beseni lilijaa kiasi gani, ulimwaga mtaro upi, ilikuwa kabla ya mvua au baada; hayo ndiyo anayoyatafuta miaka yote hiyo. Akinuna, mwache anune, mpikie, ngoja. Aliyekufundisha herufi kwa chupa za matope hawezi kukutupa kwa beseni moja.

Na yule panya naye umwombe radhi.