Mistari ya Miguu Yangu

Hodan, nimetoka kwa daktari wa macho sasa hivi, hapa Homa Bay. Mtoto wangu haoni na jicho la kushoto. Miezi saba tu, na haoni.

Mishipa ya damu ndani ya jicho iliziba, mingine ikamea ovyo ikaliharibu. Eti ni ugonjwa wa kurithi.

Alipozaliwa na yale malengelenge ya mistari, hospitalini waliniuliza kama kuna mtu kwetu ako na alama kama hizo. Nikasema hakuna.

Leo daktari ameniambia, "Mama, hebu nione miguu yako." Miguu yangu, Hodan. Ile mistari nafichanga na soksi tangu tukiwa shule. Akasema ni ugonjwa huo huo, na wangejua mapema, wangeliokoa jicho.

Nje mume wangu Ahmednur akaniuliza, "Huu ugonjwa umetoka kwa nani?" Nikamwambia daktari hajui. Akanishika mkono, akasema basi hakuna wa kulaumiwa. Nikainama, nikavuta soksi juu.