Sweta Jekundu Mhadharani

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi wazima. Baba yako anakusalimu, kikohozi kimemwachia kidogo, ubishi bado. Bibi yako anakusalimu, anauliza hao Waingereza wameandika nini kisichokwisha, kila mwaka unakisoma. Kidoti mdogo wako ndiye anakusalimu kuliko wote. Mtaa mzima kauchosha: dada yangu anafundisha fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, dada yangu mtafiti. Ukimuuliza fasihi ni nini, anakimbilia ndani.

Mimi roho haijatulia. Yale niliyokwambia jikoni ulipokuja likizo, habari za marehemu mdogo wangu, yaishie kwako. Kidoti hajui kama si mimi niliyemzaa. Nitamwambia mwenyewe akimaliza shule. Unakula lakini?

Mama yako

29 Machi

Shikamoo mama. Shikamoo baba, na bibi pia.

Natumaini Kidoti kafika nyumbani salama. Sikujua kama ungemtuma kwangu.

Mhadhara wangu ulihusu mayatima katika riwaya za Kiingereza, wale wanaolelewa na ndugu wa mama zao. Profesa alisema utafiti wangu ni mkavu, watu watasinzia, nitafute mfano hai. Nikasimulia wetu. Sikutaja jina, mama, nilisema ni familia moja ninayoijua. Ila nilieleza lile sweta jekundu, ulivyofumua la marehemu ukamfumia mtoto lake. Kuinua macho, nikamwona Kidoti safu ya nyuma, kapu lako mapajani, anainuka.

Nisamehe. Mhadhara utaingia kwenye kitabu changu, lakini wasomaji hawatatujua kamwe.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Hujambo. Baba yako mzima. Bibi yako mzima.

Kidoti nilimtuma mimi. Nilitaka ukishuka jukwaani umkute mtu wa kwenu. Mayai niliyokufungia karudi nayo, hata moja halikuvunjika. Lile sweta halimwingii tangu zamani, lakini alikuwa halali bila kulikunja chini ya mto. Sasa limo kabatini kwangu, kalirudisha mwenyewe.

Siku ile jikoni ulikuwa unanimenyea vitunguu. Nikadhani naongea na mwanangu, kumbe naongea na mtafiti.

Unasema wasomaji hawatatujua. Wasomaji nawajua mimi? Aliyetujua alikuwemo ukumbini.

Jana asubuhi kaniamkia, "Shikamoo, mama mkubwa." Kwa adabu kabisa. Nikaitika marahaba, ningefanyaje. Baba yako akaacha chai, akatoka nje.

Kitabuni yatoe, hilo sikuombi, nakwambia. Ninalokuomba ni jingine. Kidoti anasema alisimama nje ya mlango wa ukumbi akikungoja, alijua utamfuata. Akasimama mpaka akasikia makofi. Nimemwambia kasikia vibaya, ni chumba cha pili hicho, dada yake hawezi kumwona anatoka vile halafu akaendelea kusoma. Haniamini.

Niandikie upesi, mwanangu, umwambie na wewe.

Mama yako