Mgomba Tuliouzika Badala Yako

Mpenzi Baba Nafula,

Tulikuzika mwaka huu, kabla ya mvua. Naona ni vizuri usikie kutoka kwangu, si kwa watu wa soko, kwa maana wao watakuongezea mambo ambayo hayakuwepo.

Unakumbuka chumba kile cha Bungoma, nyuma ya duka la vipuri la Kalasinga? Hapo ndipo tulipofikia tulipokimbia vita vya Mlima Elgon, na godoro, sufuria na Nafula mgongoni. Kalasinga alikuwa na redio, nawe ulikuwa ukisimama mlangoni kwake kila saa ya habari, mikono nyuma, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Ukirudi chumbani ulinisomea habari upya, ukiongeza maoni yako, na mara nyingi maoni yalikuwa marefu kuliko habari.

Miezi ile ya mwisho vita vilikuwa vimechoka. Helikopta zilipita juu ya soko na watu hawakuinua tena vichwa. Wenye bunduki walikuwa wanapungua msituni, na kila aliyeteremka alituambia zimebaki siku chache tu. Watu wakaanza kuulizana habari za mbolea. Leo ndipo naona kwamba huo ndio uliokuwa wakati wa hatari kuliko wote. Woga ulikuwa umetutoka, lakini vita vilikuwa bado vipo.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Ulitoka nje ukachota udongo wa uani kwa Kalasinga, ukaufinya kiganjani, na mimi nikajua umeshakwenda. Nilikusihi ungoje. Hukupandisha sauti.

“Mama Nafula, hii vita imeisha. Nikichelewa kupanda tutakula nini mwaka huu, msaada? Napanda, narudi. Siku ya soko utaniona.”

Nikakufungia chapati kwenye gazeti, ukabeba mbegu begani. Hatukuagana sana. Nani huagana na mtu anayekwenda shambani kwake?

Siku ya soko ilifika, ikapita, na nyingine baada yake. Redio ikatangaza kwamba mlima umetulia. Kalasinga alizima redio aliponiona mlangoni, na wema huo sijausahau.

Nilipanda mlima na wanawake wa kijiji chetu. Nyumba ilikuwa imeng'olewa mabati. Lakini shambani mahindi yalikuwa yameota, yanafika gotini, katika ile mistari yako. Unajua nilivyokuwa nikikucheka kila mwaka kwa kamba yako ya mafundo, nikisema unapanda kana kwamba kuna mkaguzi wa serikali anakuja. Mistari ilinyooka kutoka barabarani hadi katikati ya shamba, kisha ikakoma. Mstari wa mwisho haukufika upande wa pili. Kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye vijiti vyake. Nilikukasirikia kabla sijalia. Halafu nikapalilia, kwa sababu magugu yalikuwa mengi. Mahindi yale tuliyala mimi na Nafula, na sikumwambia aliyeyapanda ni nani hadi alipokuwa mkubwa.

Nilikutafuta. Usidhani ni ujasiri, ni ukaidi tu, ule uliokuwa ukiulalamikia. Nilizunguka hospitali, ofisi, kila mahali palipokuwa na mlango wa kubisha. Kuna mwaka mtu aliapa kwamba amekuona mjini Moi's Bridge ukipakia magunia ya mahindi kwenye lori. Nikaenda. Alikuwa na mabega yako, hata mwendo wako, lakini alipogeuka alikuwa mtu mwingine, akanisalimia kwa adabu. Nilimwitikia, nikamuuliza habari za nyumbani kwake, nikarudi.

Sasa Nafula ni mwalimu wa chekechea Kitale. Ana urefu wako na mdomo wangu, kwa hiyo wale watoto hawana pa kujificha. Alipata mchumba hukohuko, fundi wa trekta, kijana mpole. Watu wake walipotuma habari kwamba wanakuja kuzungumza mambo ya mahari, ndugu yako Wekesa alinijia asubuhi, akakaa, akakataa chai. Nikajua ni mazito.

“Shemeji, nani atakaa kwa kiti ya baba? Mimi siwezi, ndugu yangu hatujamzika. Na yeye hayuko. Sasa hao watu ya Kitale tutawaambia nini?”

Mila ya kwetu unaijua. Mtu aliyepotea bila maiti kuonekana huzikwa kwa mgomba, na kabla ya hapo hakuna wa kukalia nafasi yake. Miaka yote nilikuwa nimekataa, kwa sababu mgomba ukishafukiwa, mtu amekwisha. Nafula hakunisukuma. Alisema yeye na kijana wake watangoja tu. Hilo ndilo lililonishinda. Niliona mtoto wangu anajifunza kungoja kama mimi, nikakubali.

Wekesa aliukata mgomba nyuma ya jiko. Wachimbaji wakauliza urefu wako, na wanaume wakaanza kubishana, kila mmoja na kipimo chake. Nikawaambia wausimamishe. Nikaugusa pale mdomo wangu unapofika, nikasema bega lake liko hapa, pimeni kutoka hapa. Wakapima. Tukauvalisha koti lako la Jumapili. Watu walilia. Mimi nilikuwa naangalia vifungo, maana kuna mtu alikuwa amevifunga vibaya, nikavifungua, nikavifunga upya. Ilinichukua muda kuondoa mkono.

Watu walipotawanyika nilimuuliza Wekesa, na akirudi je? Alinitazama. Akasema mtu aliyekwisha kuzikwa haingii boma hivi hivi, lazima kwanza kondoo achinjwe langoni, ndipo yeye apite.

“Lakini shemeji, hiyo si maneno ya kuuliza leo.”

Wageni walikuja, Wekesa akakaa kwenye kiti, mambo yakaenda sawa. Nafula aliolewa, na nilifurahi, nasema kweli, nilicheza hadi viatu vikanishinda. Siku chache kabla ya harusi nilikuwa nimekwenda soko la Kitale nikanunua kondoo dume, mweupe. Kila mtu alidhani ni wa karamu. Karamu imeliwa ikaisha, na kondoo nimemfunga karibu na lango. Wekesa humwona kila anapopita, na haulizi.

Basi, kama umelala, lala salama, baba watoto. Na kama hujalala, ukifika usiingie. Simama langoni, uniite.

Mkeo,
Mama Nafula